Shimo, Kushoto

Saa kumi na moja alfajiri. Taa za Mabatini
zimening'inia mawe juu ya mawe
kama mtu amemwaga makaa ya moto akaenda zake.
Sisi saba tunajaza upepo.
Pampu ni moja, inapita mkono kwa mkono,
ila kutoka kwa Rwehumbiza haikunifikia mkononi:
aliilaza chini, kando ya gurudumu langu,
akajifanya anakaza nati.

Hatusemezani tangu Geita.
Chanzo ni chupa ya maji. Nikieleza utacheka:
nani aliikuta imejaa, nani aliirudisha na funda moja,
mlima ule, jua lile.
Akaniita mchoyo. Mimi nikatamka neno la kwetu Bukoba
ambalo wenzetu hawakulielewa.
Yeye alilielewa.

Kisesa, kunakucha.
Tunapishana na baiskeli za kazi zinazoelekea mjini:
gunia la mkaa, tenga la nyanya,
mbuzi aliyefungwa nyuma anatazama alikotoka.
"Mwangaluka!" Nasi, "Mwangaluka!"
Mmoja anauliza tunauza nini.
"Hatuuzi kitu, baba."
"Sasa mnakimbilia nini?"
Malimi, kiongozi wetu,
alilifikiria swali hilo mpaka Magu, hakupata jibu.

Kisha ziwa likaamka.
Upepo ukaja wa ubavu, una harufu ya dagaa wa juani,
ukatusukuma kama shemeji mlevi.
Tukajipanga mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu,
kati yao shibiri mbili.
Hapo aliye nyuma haioni barabara.
Anaona kiuno cha mwenzake,
ramani ya chumvi kwenye shati,
kandambili zinazochezacheza juu ya mzigo.
Barabara anaiamini tu.
Na zamu, isiyojua ugomvi wa watu,
ilinipanga nyuma ya Rwehumbiza.

Nilitaka kuchomoka. Nikasema, heri nipambane na upepo.
Ndipo mkono wake wa kushoto ukashuka,
ukatulia nyuma ya mgongo, kidole kimoja:
shimo, kushoto.
Nikakwepa.
Mkono ukarudi kwenye usukani, kichwa hakikugeuka.
Tena, kiganja kikipunga chini: mchanga.
Tena: chupa iliyovunjika.
Tena: punda, na mtoto wa punda.
Kilomita kumi na nne nilizihesabu
na hakuniachia shimo hata moja,
hata lile dogo kama kisosi
ambalo ningelikanyaga hakuna ambaye angemlaumu.

Nassa tulikula michembe na chai ya rangi.
Minza alichomoa mwiba wa mgunga kwenye tairi lake,
akauweka mfukoni, eti risiti.
Rwehumbiza alikaa upande ule, mimi upande huu,
katikati yetu pakiti ya solusheni, wazi, inakauka.

Zamu yangu ya mbele ilikuja na jua la saa saba.
Mbele hakuna kiuno cha kufuata.
Upepo wote ni wako, lami yote ni yako,
na nyuma yako kuna watu sita wasioona.
Mkono ukashuka wenyewe.
Shimo. Ng'ombe. Furushi la pamba
lililoanguka kwenye lori, limepasuka, limetanda,
tukapita juu ya weupe ule bila sauti.
Nilionyesha hata visivyostahili:
kivuli cha nguzo. Gunzi la hindi.

Lamadi, usiku. Sato, ugali, bati linalovuja upepo.
Miguu chini ya meza bado inazunguka.
Hakuna aliyeomba radhi.
Ila chumvi ilipomfikia alinipa mkononi, akauliza:
"Ile ya saa nane, karibu na kisima. Ilikuwa nini?"
"Gunzi."
"Gunzi," akasema, akatikisa kichwa,
akacheka mpaka akapaliwa na mwiba,
ikabidi mimi nimpige mgongoni.

Kuhusu chupa, msimamo wangu ni uleule.
Kesho, mpaka Musoma,
nimemwomba Malimi anipange nyuma yake.